Daktari Akisema "Ale Vitu Laini"

Baba, ambaye chakula kilikuwa kinamkwama kifuani, alitoka kwenye kipimo cha kamera ya kuangalia njia ya chakula akiwa na karatasi ya majibu, tarehe ya kurudi, na sentensi moja tu kuhusu chakula: "Ale vitu laini." Hospitali siitaji, na aliyetamka sentensi ile simlaumu sana, maana foleni nje ya mlango wake ilikuwa imefika kwenye ngazi. Ila sentensi yenyewe nina ugomvi nayo. Kwa wiki tano ilitufanya tumnyime mzee chakula huku tukimlisha kutwa nzima.

Kwetu ni Moshi. Ukimwambia mtu wa nyumbani "laini" anasikia "majimaji". Basi tukaanza. Uji asubuhi, uji saa nne, juisi ya pasheni mchana, supu ya kuku iliyochujwa mpaka yakabaki maji ya njano, uji tena jioni. Wageni nao hawakuja mikono mitupu: juisi za boksi, zabibu ambazo hakuweza kuzimeza, na makopo manne ya glukosi ambayo mama aliyapanga juu ya kabati kama zawadi za harusi. Baba anakunywa, tumbo linajaa, anasema ameshiba. Mama anahesabu vikombe: leo vitano, leo sita, tumshukuru Mungu. Na saa ya baba, kila akiinua mkono kupokea kikombe, inateremka kuelekea kwenye kiwiko.

Dada yangu ndiye aliyempeleka dukani akampandisha kwenye mizani ya kupimia mahindi. Kilo 58. Pasaka alikuwa na 69.

Usiku ule nilikaa na kalamu. Kikombe cha uji wetu kilikuwa na vijiko viwili vya unga na sukari kidogo, vilivyobaki ni maji. Hapo unapata kalori 100 hivi. Vikombe sita ni 600. Mtu mzima anayeumwa huhesabiwa kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, maana yake baba alihitaji kama 1,500 hadi 1,700. Tulikuwa tunampa theluthi na ushee, na tunajipongeza. Glukosi nayo ni sukari tu. Kijiko cha chakula cha glukosi hakifiki kalori 50, ilhali kijiko hicho hicho cha mafuta ya alizeti kina 120, na chupa ya alizeti ilikuwa jikoni muda wote, nusu mita kutoka kwenye sufuria ya uji.

Mgonjwa wa aina hii tumbo lake ni dogo na njia ni nyembamba. Hawezi kuongeza idadi ya vijiko, kwa hiyo kila kijiko kinachopita lazima kiwe na kitu ndani yake.

Tulibadilisha. Uji ukapikwa kwa maziwa badala ya maji, kijiko cha siagi ya karanga iliyosagwa laini kabisa, vijiko viwili vya chai vya mafuta. Kikombe kilekile kikapanda kutoka 100 hadi zaidi ya 400. Vinne vya namna hiyo vinafanya kazi ambayo vikombe 15 vya uji wa maji haviwezi. Siku nyingine tulikoroga yai pembeni tukalimimina uji ukiwa unachemka, huku mwiko haupumziki, liive bila kuganda mapandemapande. Parachichi, ambalo Kilimanjaro hata mbuzi wanalichoka, tulilisaga na mtindi. Siku za kwanza mafuta yalimtia kichefuchefu, tukayapunguza, tukayarudisha taratibu. Karanga chagua mwenyewe kabla ya kusaga; zenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu. Hayo mafurushi ya unga wa lishe wenye nafaka kumi na mbili na dagaa juu yake mimi siyapendi. Ukipika kwa maji mengi bado ni uji wa maji, wa bei ghali.

Lakini uji mzito ulikuwa unakwama, na hapo shangazi akatukumbusha kimea. Ni ulezi uliolowekwa, ukaachwa uchipue, ukakaushwa vizuri na kusagwa. Wachagga wanaujua kwa sababu ya mbege. Pika uji mzito wa kusimamisha mwiko, uache upoe uwe vuguvugu, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea ukoroge. Ndani ya dakika chache unalegea wenyewe, unatiririka, na unga wote bado umo. Urudishe motoni uchemke tena. Wataalamu wa lishe wa Tanzania walikuwa wanaandika kuhusu kimea katika uji wa watoto tangu miaka ya 1980. Sisi tulikuwa tunakitumia kwenye pombe tu.

Na mtori. Sijui kwa nini ilituchukua wiki tano kukumbuka mtori, chakula ambacho kila mzazi wa Kichagga ananyweshwa. Ndizi mshare na nyama vinachemka mpaka vinasalimu amri, vinapekechwa, siagi au maziwa juu yake. Kwa baba tulisaga kwa brenda, na umeme ukikatika tulipitisha kwenye chekeche kwa mgongo wa kijiko. Alikula bakuli dogo saa nne usiku akasema chumvi imepungua. Mama alilia jikoni.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa saratani ya umio, mrija unaoshusha chakula tumboni. Ukanda wetu unaijua: unashuka kutoka Ethiopia, unapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilisema vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, huenda vinachangia saratani hiyo. Mwaka mmoja kabla yake ulichapishwa utafiti uliopima chai ya watu wa Kilimanjaro, na wastani wa joto ambalo watu walianza kunywa ulizidi nyuzi 70. Baba alikuwa anasema chai isiyounguza ulimi ni maji ya kuoshea vikombe. Sisemi chai ndiyo iliyomuua, sababu ni nyingi. Nasema tu kwamba chupa yetu ya chai siku hizi inakaa wazi kidogo kabla ya kumimina.

Sasa nieleze kwa nini neno "laini" linanikera zaidi ya hesabu za kalori. Miezi michache baadaye jirani yetu, mama mtu mzima, alipata kiharusi. Naye akaruhusiwa kurudi nyumbani na sentensi ileile. Nikaenda pale kama mtaalamu, kifua mbele, nikaanza kuwafundisha uji wa kimea. Binti yake akaniangalia. "Kaka, mama anapaliwa na maji. Uji mzito ndio anaumeza."

Nilitaka kuwaharibia mgonjwa. Kwa baba, chakula kilikwama kifuani: nyama ilianza kukataa, ukafuata ugali, ukafuata wali, na kitu chembamba ndicho kilichopita. Kwa aliyepata kiharusi tatizo mara nyingi liko juu, kwenye ulimi na koo. Misuli inachelewa, na maji yanakimbia kuliko koo linavyoweza kufunga njia ya hewa. Anakohoa, sauti inakuwa ya majimaji, na wengine hawakohoi kabisa, chakula kinaingia kwenye mapafu kimya kimya na wiki inayofuata ana nimonia. Mtu wa namna hiyo kumpa juisi kwa kikombe ni kumtega. Anahitaji kitu kizito kinachoshuka polepole, kijiko cha chai nusu, ameketi wima si kwenye mito mitatu, kidevu kimeelekea kifuani, na asilazwe kwa nusu saa baada ya kula. Kinywa kisafishwe kila siku hata kama hajala, maana vijidudu vya kinywani ndivyo vinavyoteremka. Na vidonge visisagwe kabla ya kumuuliza mfamasia; vingine vikisagwa vinageuka sumu au havifanyi kazi.

Wagonjwa wawili, sentensi moja, na chakula cha mmoja ni hatari kwa mwenzake. Wataalamu wa kumeza kwetu ni wachache, naelewa. Lakini swali la kumuuliza ndugu wa mgonjwa linachukua nusu dakika.

Jambo jingine ni mpira wa kulishia mgonjwa. Familia nyingi husikia "mpira wa puani" au "mpira wa tumboni" wakaelewa kwamba mzee amekwisha. Sisi pia tulikataa mwanzoni, kwa kiburi kilichovaa kanzu ya huruma. Mpira ni njia ya jikoni tu. Kuna pia stenti, kijibomba cha waya kinachojitanua ndani ya umio na kuacha upenyo. Hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, imewawekea wagonjwa wengi kwa miaka mingi. Baba aliwekewa yake, na akapata miezi ya kula akiwa mezani pamoja nasi. Mkate na vipande vya nyama vilibaki marufuku, kwa sababu vinaziba. Ila kama mgonjwa wako amekaa siku nyingi karibu bila chakula, usimfurike ghafla kwa huruma. Apelekwe hospitali, mwili ulioshinda njaa ukishtukizwa na chakula kingi hata moyo unaweza kuyumba.

Jioni moja nilimkuta nyuma ya jikoni amekaa kwenye gogo na kipande cha mbuzi choma. Anatafuna taratibu, macho kafumba, akimaliza anatema kwenye karatasi. Alinyoosha mkono kunionyesha nisiseme. Nikakaa pembeni yake tukala hivyo, mimi nikimeza na yeye akitema, mpaka mama akaita.

Siku hizi nikitaka kwenda kumwona mgonjwa wa namna hii, napiga simu kwanza na kuuliza: kinakwama kifuani, au anapaliwa? Kinakwama, nabeba siagi ya karanga, maziwa na trei ya mayai. Anapaliwa, nabeba unga, na nikifika sikubali yeyote amnyweshe maji akiwa amelala.