Acheni mlango, tumzungumzie Murdoch

Mjadala wa mlango umerudi tena, ule ubao ambao Rose alielea juu yake huku mpenzi wake Jack akifa kwa baridi majini. Kila filamu ya Titanic inaporudishwa kwenye televisheni, watu huanza kuchora michoro, kupima mabega ya Jack na Rose na kugombana hadi usiku wa manane kama ubao ule ungewabeba wote wawili. Safari hii umeniudhi kweli. Ndani ya filamu hiyohiyo yumo mtu aliyeishi kweli, ofisa wa meli William Murdoch, mwenye mke na mji wake, aliyesingiziwa mauaji mbele ya dunia nzima, na hakuna anayemgombania.

Tuumalize huo mlango kwanza. Kwa hakika si mlango. Umeigwa kutoka kwenye kipande cha mbao iliyochongwa kilichookotwa baharini baada ya ajali, ambacho leo kimo katika makumbusho ya bahari ya Halifax, Kanada. Inaaminika kilikaa juu ya mlango wa sebule ya daraja la kwanza. Nafasi ya kulala ilikuwepo. Shida ilikuwa uzito. Tuchukue ubao wa mwaloni wa mita 2.4 kwa mita 1, unene sentimita 8. Ujazo wake unakaribia mita za ujazo 0.19. Mwaloni mkavu una takriban kilo 700 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo ubao wenyewe ni kilo 134 hivi. Maji ya chumvi ambayo ubao unayasukuma ukizama wote ni karibu kilo 197. Kinachobaki cha kubeba mtu ni kilo 63, na Rose mwenye nguo zilizolowa anazimaliza zote. Akipanda wa pili, ubao unakwenda chini ya uso wa maji na wote wawili wanalala ndani ya bahari yenye nyuzi 2 chini ya sifuri. James Cameron, mwongozaji wa filamu, alikuja kufanya majaribio ndani ya maji baridi, yakaoneshwa mwaka 2023, akakubali kwamba Jack huenda angepona kama wangejipanga vizuri juu ya ubao na Rose akampa koti lake la kuokolea. Sawa. Jack ni mtu wa kutungwa, na mtungaji wake alitaka afe.

William McMaster Murdoch hakutungwa. Alizaliwa mwaka 1873 Dalbeattie, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa Scotland, katika ukoo wa mabaharia. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 alikuwa ofisa wa kwanza wa Titanic, na ndiye aliyekuwa zamu kwenye daraja la kuongozea meli saa 5:40 usiku, kengele ya mlinzi wa mlingotini ilipolia mara tatu. Filamu inamwonesha akipokea hongo ya Cal, mchumba tajiri wa Rose, ili ampe nafasi kwenye boti. Baadaye inamwonesha akiwafyatulia risasi abiria wawili, akipiga saluti, kisha akijipiga risasi kichwani. Kwenye vibanda vya video, ambako msimulizi huieleza picha huku ikienda, nani angebaki na shaka kwamba mtu huyu alikuwa mla rushwa na muuaji?

Sasa tazameni kazi aliyoifanya. Titanic ilikuwa na boti 20 za kuokolea: 14 za mbao za watu 65 kila moja, 2 ndogo za dharura za watu 40, na 4 za Engelhardt zenye kingo za turubai, za watu 47. Jumla ni nafasi 1,178, melini mkiwa na watu wapatao 2,200. Kazi ya kuziteremsha iligawanyika: ofisa wa pili, Charles Lightoller, upande wa kushoto, Murdoch upande wa kulia.

Kuteremsha boti moja usiku ule ilikuwa kazi ya mikono ya mabaharia wengi. Unavua turubai, unafungua kamba zinazoifunga sitahani, unaziba tundu la chini kwa kizibo, unazungusha mpini wa mihimili miwili ya chuma mpaka boti itokeze nje ya ubavu wa meli. Hapo ndipo unapakia. Kisha zinakuja kamba mbili, moja ya omo, yaani mbele, na moja ya tezi, yaani nyuma, zinazopita kwenye kapi, vile vigurudumu vya kamba, na lazima zilegezwe kwa mwendo mmoja. Ya omo ikitangulia, boti inainama na watu wanamwagika kutoka kimo cha karibu mita 18. Ikifika majini inapaswa kufunguliwa haraka. Boti namba 13 ilipogusa maji, mkondo wa maji yaliyokuwa yakitoka ubavuni mwa meli uliisukuma nyuma hadi chini ya boti namba 15 iliyokuwa ikiteremka; mabaharia wakakata kamba kwa visu na kuponea chupuchupu. Tukio hilo filamu imelionesha sawasawa.

Lightoller alilielewa agizo la nahodha kuwa ni wanawake na watoto pekee. Wakikosekana karibu, aliteremsha boti ikiwa na nafasi wazi. Murdoch alilielewa kuwa ni wanawake na watoto kwanza. Wakishakwisha walio karibu, wanaume wapande. Tofauti ya maneno mawili hayo ilikuwa uhai wa mamia. Wanaume wengi waliopata nafasi ya kupanda boti kutoka sitahani na wakaiona asubuhi, walipandia upande wa Murdoch. Boti zake za kati, namba 11, 13 na 15, ziliondoka zimejaa au zimekaribia kujaa. Sitaficha kwamba boti namba 1, iliyotoka na watu 12 ikiwa na nafasi 40, ilitoka upande huohuo, wala kwamba namba 7, ya kwanza kabisa, ilishuka saa 6:45 usiku ikiwa chini ya nusu. Saa hiyo meli ilikuwa bado inawaka taa na watu walikataa kuiacha sitaha kavu kwa ajili ya kiboti kinachoning'inia gizani. Tena maofisa waliogopa kwamba boti zikijazwa zikiwa hewani zingekunjika katikati, wakati zilikuwa zimejaribiwa Belfast kwa uzito wa boti iliyojaa. Hilo la Belfast hawakulijua.

Dakika za mwisho zilimkuta kwenye Engelhardt A. Boti hiyo ilikuwa juu ya paa la vyumba vya maofisa, ikabidi iburutwe na kuteremshwa kwa kutegemeza makasia. Walikuwa wanahangaika kuifunga kwenye kamba za kuteremshia maji yalipopanda sitaha na kuwafagia. Lightoller, aliyekuwa juu ya paa, alimwandikia mke wa Murdoch, Ada, kwa niaba ya maofisa wanne waliobaki hai, kwamba alimwona mumewe kazini mpaka maji yalipomfikia. Mwili wake haukupatikana.

Wapo watakaonijibu kwamba ushahidi wa risasi upo. Upo, na ninaukubali kwa shingo upande. George Rheims, abiria wa daraja la kwanza, alimwandikia mkewe barua akisema alimwona ofisa akimpiga mtu risasi kisha akijiua. Eugene Daly wa daraja la tatu alieleza jambo linalofanana na hilo. Hawa hawakuandika ili wauze magazeti, na wawili wasiofahamiana wakieleza kitu kimoja, huwezi kuwapuuza. Lakini hakuna kati yao aliyemtaja Murdoch kwa jina. Maofisa wengine, Wilde na Moody, nao walifia hukohuko. Na ofisa wa tano, Harold Lowe, alikiri mwenyewe mbele ya tume ya uchunguzi kwamba alifyatua risasi tatu hewani, kando ya boti namba 14, kuwatisha waliotaka kuirukia. Kutoka kwenye “ofisa mmoja” hadi “Murdoch” kuna hatua kubwa, na filamu ndiyo iliyoiruka hatua hiyo, si shahidi. Hongo nayo haina barua, haina shahidi, haina hata uvumi wa kutegemea, kwa sababu Cal mwenyewe hakuwahi kuwepo.

Ndugu zake walilalamika. Aprili 1998 kiongozi mmoja wa kampuni ya filamu alisafiri hadi Dalbeattie kuomba radhi, akatoa pauni 5,000 kwa shule ya sekondari ya mji huo kwa ajili ya tuzo ya kumbukumbu yake. Filamu ilikuwa imeshachukua Oscar 11 na inakusanya mamia ya mamilioni ya dola. Cameron baadaye alikiri kwamba alimtumia mtu mwenye jina bila kufikiria ndugu zake wangejisikiaje. Ninaupokea ukiri huo. Picha haikuguswa.

Hapa ndipo hasira yangu inapopanda. Watu hawa walikuwa waangalifu kupita kiasi. Sanamu kubwa ya meli iliyojengwa Rosarito, Mexico, ilikamilishwa upande wa kulia tu, upande wake Murdoch, na kwa kuwa Southampton meli ilifunga gatini kwa ubavu wa kushoto, walishona nguo na kuandika vibao kinyumenyume, kisha wakaigeuza picha ili herufi zisomeke. Mwanaastronomia Neil deGrasse Tyson alipolalamika kwamba nyota anazozitazama Rose akiwa majini si za usiku ule, Cameron alizibadilisha katika toleo la mwaka 2012. Nyota zilizoonekana kwa sekunde chache zikapata haki yake. Katika toleo hilohilo Murdoch alibaki anaua na kujiua.

Na tazameni upande wa pili. Halifax, katika makaburi ya Fairview Lawn, kuna jiwe namba 227 lenye jina J. Dawson. Aliyelala pale ni Joseph Dawson wa Dublin, mfanyakazi wa chini kabisa kwenye ngama, tumbo la chini la meli, aliyekuwa akisawazisha makaa ya mawe ili mashine zisikose moto. Baada ya filamu watu walimiminika kumwekea maua wakidhani ndiye Jack. Mtu wa kutungwa ameomboleziwa kwenye kaburi la mtu mwingine, na baharia wa kweli asiye na kaburi amebebeshwa damu.

Mengine ya filamu sina ugomvi nayo mkubwa. Meli kukatika vipande viwili ni kweli. Tume za 1912 zilisema ilizama nzima, mabaki yaliyopatikana Septemba 1985 yakazipinga. Kusema ni boti moja tu iliyorudi ni kuionea boti namba 4, iliyowaopoa watu majini. Kumwacha Joseph Laroche, mhandisi Mhaiti aliyewapakia botini mkewe mjamzito na binti zao wawili kisha akafa, ni hasara yetu sote. Na mapenzi ya Jack na Rose nayakubali: bila hayo wengi wasingekaa saa tatu kuutazama ukatili wa madaraja ya abiria, na sinema isingefika ilikofika.

Marekebisho ninayoyadai ni madogo kuliko kuchora anga upya. Ondoeni pesa za Cal mkononi mwa Murdoch. Katika tukio la risasi, mtu asiitwe kwa jina: ofisa mwenye kofia, akionekana kwa mbali katikati ya umati, kama Rheims na Daly walivyoeleza. Kisha kamera irudi kwenye Engelhardt A, wanaume wakivuta kamba, Murdoch akiwa miongoni mwao, na maji yakipanda sitaha.