Na kwa Kutotimiza Wajibu

Ukitega sikio waamini wanaposali sala ya kuungama mwanzoni mwa Misa, utagundua mahali sauti inapozama. "Nimekosa mno kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo": hapo kanisa zima linasikika. Likifika la nne, mikono tayari inaelekea kifuani kwa ajili ya "nimekosa mimi", na "kutotimiza wajibu" linapita chinichini kama abiria asiye na nauli. Mimi nimelitamka hivyo tangu utotoni. Nililisikia kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, mwenye kazi na familia, wiki moja baada ya kikao fulani.

Kazini kwetu ripoti ilikuwa imetoka na hesabu zenye makosa. Kikao kikaitwa, mwenzangu mmoja akasimamishwa mbele ya wote na kubebeshwa lawama. Hesabu zile nilimpa mimi. Hakuna aliyeniuliza lolote, kwa hiyo sikulazimika kusema uongo. Niliinamia daftari langu nikaandikaandika kama mtu mwenye shughuli nyingi, mpaka yakaisha.

Jumapili iliyofuata nikawa kanisani, najikagua. Mawazo? Sikumwazia mabaya, tena nilimhurumia sana. Maneno? Sikutamka hata moja. Vitendo? Sikufanya kitu. Nikakwama hapohapo, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa kosa lenyewe: sikufanya kitu.

Neno hili la nne si la kale sana. Sala ya kuungama iliyotumika kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ilitaja matatu tu: mawazo, maneno na vitendo. La nne liliongezwa katika Misale (kitabu cha sala za Misa) ya Papa Paulo VI, iliyotoka mwaka 1970. Kwa Kilatini wameandika "omissione", yaani kuacha, basi. Waliotutafsiria wakatupa kitu kizito zaidi. Hawakusema "kwa kuacha", walisema "kwa kutotimiza wajibu", na nadhani walilenga penyewe. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alifafanua kwamba dhambi ya kuacha haihusu kila jema ambalo mtu hakulitenda. Inahusu lile jema analodaiwa. Wajibu ni deni, na nyuma ya deni kuna mdai mwenye jina na sura. Wangu nilikuwa nakutana naye kila siku kwenye ngazi.

Mtaguso wenyewe ulikuwa umeshalisema jambo hili mwaka 1965, katika hati yake juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo. Unasema kwamba kutengana kati ya imani wanayoikiri wengi na maisha yao ya kila siku ni kati ya makosa mazito ya nyakati zetu, na kwamba Mkristo anayepuuza wajibu wake wa kidunia anapuuza wajibu wake kwa jirani na kwa Mungu mwenyewe, na anauhatarisha wokovu wake wa milele. Mababa wa Mtaguso hawakuona haya kuutaja wokovu wa milele katika sentensi moja na kazi za ofisini. Sisi tunaona haya kidogo. Tunapenda imani ibaki mahali pake, yenye harufu ya ubani, na kazi ibaki mahali pake.

Halafu zichukue Injili uzisome ukiwa na neno hilo la nne kichwani. Tajiri wa Lazaro hakumpiga Lazaro, hakumfukuza mlangoni, wala hatuambiwi kwamba alimtukana. Alikula, akavaa vizuri. Kuhani na Mlawi hawakumjeruhi mtu yule wa njiani, wanyang'anyi walikuwa wameshaimaliza kazi hiyo. Wao walipita upande wa pili. Mtumwa aliyepewa talanta moja hakuiiba, aliirudisha nzima, pengine na mchanga kidogo juu yake. Na katika sura ya 25 ya Mathayo, wale wa mkono wa kushoto hawasomewi shitaka la wizi wala uzinzi. Nilikuwa na njaa, hamkunipa. Nilikuwa mgonjwa na kifungoni, hamkuja kunitazama. Wanashangaa kwa dhati kabisa: Bwana, lini hayo? Mshangao wao ndio unaonitisha. Mtu aliyeiba anakumbuka alichoiba, lakini aliyepita upande wa pili hana cha kukumbuka, maana kwake siku ile ilikuwa siku ya kawaida tu.

Ndiyo maana nimepoteza imani na kipimo changu cha zamani cha Mkristo mwema: mtu asiyemfanyia mwenzake ubaya. Kwa kipimo hicho hata kiti ni Kikristo.

Niseme pia kuhusu "nitakuombea". Sina ugomvi na sala ya kuwaombea wengine. Tunaiomba wenyewe palepale katika kuungama, tunapowaambia ndugu zetu "mniombee kwa Bwana Mungu wetu". Ugomvi wangu ni na ile "nitakuombea" tunayoitumia kumsindikiza mtu mlangoni. Mtu amekuja na shida ambayo ninaweza kuitatua, au walau kuipunguza, nami nampa sala kama risiti. Barua ya Yakobo ilishatuonya juu ya mtu anayemwambia ndugu asiye na nguo wala chakula "enenda zako kwa amani, ukaote moto na kushiba", asimpe kitu. Tena kwa upande wangu kuna aibu ya ziada: mara nyingi sikuomba kabisa. Nilimnyima msaada, kisha nikamnyima na sala yenyewe. Siku hizi nikijiona nimelitamka neno hilo, nasali palepale kabla mtu hajaondoka, hata Salamu Maria moja. Ajabu ni kwamba nikishasali ninapata shida zaidi kumwacha aende mikono mitupu.

Kazi ndiyo inayonisumbua kuliko yote, labda kwa sababu ndiko ninakotumia saa nyingi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992, ina orodha ya makosa chini ya amri ya saba, ile ya "usiibe". Iko namba 2409. Utakuta humo rushwa, ukwepaji wa kodi na kughushi hundi, kama ulivyotarajia. Humohumo, bila kupewa mstari wake, kuna kazi iliyofanywa vibaya. Nilipoisoma mara ya kwanza nilirudi nyuma kuhakikisha sijaruka ukurasa. Sijawahi kumsikia mtu akisema anakwenda kuungama kwa sababu alilipua kazi. Kumbe mwalimu anayeingia darasani bila kujiandaa, fundi anayeficha ufa kwa rangi, mhasibu anayetuma hesabu ambazo hakuzihakiki (huyo ni mimi), wote wako kwenye orodha moja na mla rushwa. Uzito haulingani, lakini amri ni ileile: kuna mtu amechukuliwa kilicho chake.

Upande wa mwajiri ni hivyohivyo. Mshahara unaocheleweshwa wakati fedha ipo ni mfano mtupu wa kutotimiza wajibu. Mwenye kuuchelewesha anaweza kuwa msomaji wa masomo Jumapili, sauti nzuri, matamshi safi. Yakobo anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele na kilio chake kimefika masikioni mwa Bwana. Napata picha ya Bwana akijaribu kusikiliza somo la kwanza huku kelele hizo zikimzidi.

Hapa msomaji mwenye dhamiri nyepesi ataanza kutetemeka, na lazima nimtetee. Ukishaanza kuhesabu mema yote ambayo hukuyatenda, hulali. Wagonjwa wote ambao hukuwatembelea, simu zote ambazo hukupiga. Wapo watu wema wanaougua ugonjwa huu, na nimeona kwamba ni walewale ambao tayari wamebeba mizigo ya wengine wanne. Kwa hao maneno ya Thomas ni dawa: jema unalodaiwa, si jema lolote. Na wanateolojia wa mapokeo yake huongeza kwamba amri za kutenda zinatubana daima, lakini si kila dakika. Amri ya kutoua inakushika hata ukiwa usingizini. Amri ya kuwahudumia wazazi haikuzuii kulala.

Aliyelieleza vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni Mtakatifu Fransisko wa Sale, askofu wa Geneva, aliyewaandikia walei mwaka 1609 jinsi ya kuishi ibada wakiwa katikati ya shughuli zao. Anauliza kama ingefaa askofu aishi upwekeni kama mmonaki, au watu wa ndoa wasijiwekee akiba yoyote kama Wakapuchini, watawa walioahidi ufukara, au fundi ashinde kanisani kutwa nzima kama mtawa. Anajibu kwamba ibada ya namna hiyo ingekuwa kichekesho. Ninamkumbuka kila ninapokutana na mtu ambaye hakosi mkesha wala semina, ni mwanachama wa kila chama cha kitume, na watoto wake wanafanya kazi za shule na jirani. Amechagua wajibu mzuri, ila si wake. Watoto hawa hawana baba wa akiba.

Mtakatifu Yosefu ananisaidia hapa. Katika Injili zote hakuna hata neno moja lililoandikwa kwamba alilisema. Tunachoambiwa ni kwamba aliamka akafanya, na mara nyingine aliondoka usiku kwa sababu hatari haikungoja asubuhi. Papa Pius XII alipomwekea sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi tarehe 1 Mei, mwaka 1955, alikuwa anamheshimu mtu ambaye hatuna sala yake hata moja ya kunakili. Tuna orodha ya mambo aliyoyatimiza, basi.

Narudi kwenye kikao changu, kwa maana hadithi haikuishia kanisani.

Nilikwenda kwanza kwa mwenzangu, wiki tatu zikiwa zimepita. Nikamwambia hesabu zile zilikuwa zangu. Akasema, "Nilijua." Kisha, baada ya kimya kirefu kidogo, "Nilikuwa sijui kama na wewe unajua." Tukasameheana, au tuseme alinisamehe, maana mimi sikuwa na cha kumsamehe. Nikaenda kuungama nikiwa mwepesi. Nilimweleza padre kila kitu pamoja na mwisho wake mzuri, nikitarajia pongezi ndogo. Akaniuliza swali moja: "Na wale waliokuwepo kikaoni, wanajua?"

Sikuwa nimewafikiria. Katekisimu inasema, namba 2487, kwamba kila kosa dhidi ya haki na ukweli linadai malipizi, hata kama mkosaji amekwisha kusamehewa. Mwenzangu alikuwa amenipa msamaha wake, lakini jina lake lilikuwa bado limelala pale mezani nilipoliacha.

Nilimwendea mkuu wetu. Alinisikiliza akiwa amesimama, akatazama saa, akasema, "Mbona hayo yamekwisha?" Kwake yalikuwa yamekwisha kweli. Nikamwomba nafasi katika kikao kinachofuata. Akakubali kwa uso wa mtu anayeona anapotezewa muda.

Nilisimama kabla ya ajenda ya kwanza na nikasema nilichopaswa kusema. Haikuchukua hata dakika moja. Mwenzangu alikuwa ameinamia daftari lake, anaandikaandika.