Matangi ni mazuri, lakini fungueni ripoti ya mwaka

Makala moja imesifu kampuni zinazouza hisa zake kwenye Soko la Hisa la Nairobi kwa kupeleka matangi ya maji shuleni kama msaada. Sawa, ila tangi la lita 10,000 lisilo na mifereji ya kukinga mvua wala fungu la kubadilisha koki hukauka mapema, ikabaki picha ya uzinduzi tu.

Uwajibikaji huanzia kwenye bodi. Mwongozo wa 2015 wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, msimamizi wa masoko ya hisa Kenya, unataka angalau thuluthi moja ya wakurugenzi wawe huru, yaani wasiofungamana na kampuni kimaslahi, na aliyekaa zaidi ya miaka 9 hahesabiwi tena kuwa huru. Udhaifu wake ni huu: tekeleza, au ueleze kwa nini hujatekeleza. Hapo sentensi moja ya juujuu hupita.

Ndugu wanahisa, kabla ya mkutano mkuu anzeni kurasa za nyuma, kwenye maelezo ya hesabu, penye miamala na watu wenye uhusiano na kampuni. Hapo ndipo huonekana jengo lililokodishwa kutoka kwa mkurugenzi, au zabuni iliyokwenda kwa kampuni ya mkewe. Linganisheni kiasi hicho na fedha za misaada, kisha mwulizeni mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi ni nani aliyeidhinisha, na kama mhusika alitoka chumbani wakati wa kura.