Matundu tumehesabu, sabuni je?

Vyoo vya shule Tanzania tunavipima kwa matundu. Kipimo ni tundu 1 kwa wasichana 20 au wavulana 25, kwa hiyo shule ya watoto 600, nusu kwa nusu, inatakiwa kuwa na matundu 27. Jengo likikamilika, utepe unakatwa. Rudi baada ya mwaka: koki imelegea, na kibuyu chirizi cha kunawia mikono kimebaki dumu kavu linaloning'inia, kamba ya kukanyagia imekatika, kipande cha sabuni kilishaisha.

Nani alipaswa kukirudisha?

Wapo wanaosema serikali. Elimu ni bila malipo tangu Januari 2016, na mzazi ambaye mtoto wake aliwahi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango hataki kusikia neno hilo tena. Namwelewa, mchango uliitwa wa hiari, lakini "hiari" ya siku zile ilikuwa ya kwenye karatasi tu. Lakini tupige hesabu. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 kati ya hizo zikibaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu. Kwa watoto 600, shuleni inafika milioni 3.6, yaani laki 3 kwa mwezi. Humo utoe chaki, mitihani, michezo na ukarabati. Bili ya maji ikija, mwalimu mkuu anaangalia atakachoulizwa, na huulizwa matokeo ya darasa la saba, si sabuni.

Wengine wanasema wazazi wachangie, maana anayechangia huuliza. Kweli, ila wazazi hao hao wameshachimba shimo na kusomba mawe na mchanga. Kumdai tena mwenye watoto wanne shuleni ni kumtoza mara nne.

Mimi naegemea serikali, kwa sharti moja: maji, sabuni na mahitaji ya wasichana walio kwenye hedhi yawe na fungu lake ndani ya ruzuku, lisiloguswa kwa jambo jingine, na kamati ya shule isomee wazazi matumizi yake. Wazazi wabaki na nguvu kazi na ukaguzi.

Usafi wenyewe wanafunzi waufanye kwa zamu, wakiwa na maji, brashi na glavu. Sasa hivi shule nyingi zimeufanya adhabu ya wachelewaji. Siku wote wakiwahi, choo anaosha nani?