Wali wa Wati 1,469

400 ÷ 230 = 1.74. Niliiandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya risiti ya dukani, nikaipigia mistari miwili chini, nikamkabidhi mama mkwe aitazame. Mimi ni fundi umeme hapa Tanga, na mkwe akikutembelea hupendi aondoke na shaka.

Chanzo ni shemeji, aliyekuja likizo kutoka Houston na sufuria la umeme la kupikia wali. Kibandiko cha kwenye kitako kinasema volti 120, hezi 60, wati 400.

"Shem, huku umeme si volti 230? Halitaungua?"

Nikakohoa kidogo. Nguvu ni volti mara ampea. Kwa hiyo ampea ni wati kugawa kwa volti. Kule, 400 kwa 120, ni ampea 3.33. Huku, 400 kwa 230, ni 1.74. "Volti zikipanda, ampea zinashuka," nikasema. "Tena hapa litapumzika." Mama mkwe akaitikia "ehee" ndefu, ile ya kuridhika na mkwe.

Plagi ya Marekani ina miguu miwili bapa, nikatafuta adapta. Adapta hubadilisha miguu tu, volti haizigusi. Hilo nilimweleza shemeji vizuri kabisa, kisha nikachomeka.

Mchele nusu kilo, tui, chumvi. Sufuria la wati 400 na mzigo ule lingechukua kama robo saa kuchemka. Dakika ya tano kifuniko kilianza kucheza. Ya sita tui likapanda, likatoka pembeni, likashuka mezani kwenye kitambaa cha maua ambacho hutolewa kabatini kwa ajili ya wageni.

"Baba!" mwanangu akaita kutoka barazani. "Mita inapepesa kama indiketa ya bodaboda!"

Mita yangu hupepesa mara 1,000 kwa kila yuniti moja, kwa hiyo mzigo wa wati 400 unapepesa kila baada ya sekunde 9. Nikatoka na saa mkononi: kila sekunde mbili na ushei. Fundi mwenye akili angerudi mbio kuchomoa. Mimi nilisema mita ni mbovu.

Ndani swichi ikaruka: tak! Nikafunua. Juu mchele mbichi unaogelea kwenye tui. "Imewahi," nikasema, nikaibonyeza. Tak! Nikaibonyeza tena, safari hii nikaishikilia kwa mwiko. Swichi ile inashikwa na sumaku iliyo chini ya sufuria, inayoachia joto la kitako likipita kidogo nyuzi 100. Maji yakiwepo kitako hakifiki huko. Ila moto ulikuwa mkali kiasi kwamba tui na wanga vilikauka na kuganda chini, sumaku ikaamini maji yamekwisha. Sumaku ilikuwa na busara kuniliko.

Kisha harufu, moshi mwembamba, kimya.

Fyuzi ya ampea 13 kwenye adapta haikukatika. Kilichokatika ni fyuzi ya joto, kijidude cha ukubwa wa punje ya mpunga kilichovishwa soksi nyeupe chini ya elementi, yaani waya unaopasha joto. Hicho ndicho kilichoiokoa meza.

Mama mkwe hakusema neno. Alipakua: chini ukoko mweusi, juu mchele unaolia menoni. "Mwanangu," akasema, "huo umeme uliusomea wapi?" Akaenda uani kuwasha jiko la mkaa.

Nikalipindua sufuria, nikafungua skrubu tatu. Multimita nikaiweka kwenye omu 200 (omu ni kipimo cha jinsi waya unavyouzuia umeme), ncha mbili nikazigusanisha kwanza: 0.4, hiyo ni ya waya zake. Kwenye miguu ya plagi haisomi kitu, maana njia imekatika. Moja kwa moja kwenye elementi: 36.5. Toa 0.4, inabaki 36.1.

Nikataka karatasi yangu nilinganishe. Mama mkwe alikuwa ameshaiwashia mkaa. Nikaandika kwenye boksi: volti 120 mara 120, gawa kwa wati 400, omu 36. Sawasawa. Wati 400 hazikuwa za sufuria peke yake. Zilikuwa za sufuria likiwa kwenye volti 120. Linalosafiri nalo ni zile omu 36. Zipe volti 230, gawa kwa 36, unapata ampea 6.39, na 230 mara 6.39 ni wati 1,469. Karibu mara nne. Hesabu yangu ya mwanzo ingeifaa chaja ya simu, inayojirekebisha yenyewe. Waya wa nikromu, ule wa elementi, haujirekebishi. (Balbu ya nyuzi usiipime hivi: ikiwa baridi, omu zake ni kidogo sana kuliko ikiwaka. Nikromu hubadilika asilimia chache tu.)

Jirani, fundi redio, akashauri tufunge diodi moja, kijidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, ikate nusu. Diodi inakata nusu ya nguvu, si nusu ya volti: zingebaki wati 735, bado wali unaungua. Nilinunua fyuzi ya joto yenye nyuzi joto na ampea zilezile, nikaibana kwa kibano maana risasi ya kuchomelea ingeikata kwa joto lake, nikanunua na transfoma ya kushusha volti, ya wati 1,000. Ina uzito kama mfuko wa sukari wa kilo tano, inakaa chini ya meza.

Juzi shemeji amefungua begi lingine. "Shem, hii drai ya nywele nayo? Wati 1,875."

Nikachukua kalamu. Omu 7.68. Ampea 30. Wati 6,888.

"Shem," nikamwambia, "nywele kaushia juani."