Chanjo ya homa ya mafua Lamu: ya kaskazi au ya kusi?

Neno mafua kwetu limebebeshwa magonjwa mawili. Kuna mafua ya kawaida, ya pua kuchuruzika na koo kuwasha, ambayo virusi vyake ni vya aina nyingi na mtu huendelea na shughuli zake hivyo hivyo. Kisha kuna homa ya mafua yenyewe, influenza, ya virusi vya A na B: joto hupanda ghafla, viungo vyote huuma, na mtu hulala kitandani siku kadhaa. Chanjo inahusu hii ya pili pekee. Aliyechanjwa Machi akapiga chafya wiki nzima mwezi Mei huenda amepatwa na kitu ambacho chanjo haikuahidi kukizuia.

Hata hivyo, wenye shaka wana hoja nzito kuliko hiyo. Dozi mbili za chanjo ya surua hukinga takriban watu 97 kati ya 100. Ya homa ya mafua, ikioana vizuri na virusi vya mwaka huo, hupunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 40 hadi 60. Isipooana, hupunguza chini ya hapo. Uchambuzi wa majaribio uliotolewa mwaka 2018 na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ulikuta kwamba kati ya watu wazima wenye afya njema, waliougua walishuka kutoka asilimia 2.3 hadi 0.9. Maana yake ni kuchanja watu 71 ili kumwepusha mmoja. Tena kinga hufifia baada ya miezi, virusi navyo hubadilika, kwa hiyo sindano hurudiwa kila mwaka. Methali ya kinga na tiba haitusaidii hapa, kwani haitaji bei. Kijana wa mashua aliye mzima, anayelipa kutoka mfukoni, akisema pesa yake ina kazi nyingine, hatumwoni kama mjinga.

Hesabu hubadilika ukibadilisha mtu. Kwa wazee wa miaka 65 na zaidi, uchambuzi mwingine wa Cochrane wa mwaka huo huo ulipata mmoja aliyeepushwa kwa kila 30 waliochanjwa, na mzee akiugua ndiye anayeishia kwenye nimonia. Wenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo wamo kwenye hatari hiyo hiyo. Mjamzito ana sababu mbili: mimba humfanya augue vibaya zaidi, na kinga yake humpitia mtoto, ambaye hawezi kuchanjwa mpaka atimize miezi 6. Wahudumu wa afya huchanjwa ili wasiwapelekee wagonjwa. Kamati ya wataalamu wa chanjo nchini Kenya ilipendekeza mwaka 2016 watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe kila mwaka, lakini kupendekeza ni jambo moja na kutia kwenye ratiba ya kliniki ya watoto ni jambo jingine.

Lini, sasa? Shirika la Afya Duniani huchagua virusi vya kutiwa katika chanjo mara mbili kwa mwaka: Februari kwa ajili ya baridi ya nchi za kaskazini, Septemba kwa zile za kusini. Lamu iko takriban nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, na Kenya virusi hivi huzunguka mwaka mzima, vikipanda na kushuka. Upepo wa kaskazi unapovuma, wageni wa Ulaya huja kutoka katikati ya msimu wao wa homa. Tazama kasha: mwaka mmoja ulioandikwa humaanisha chanjo ya kusini, miaka miwili yenye mkwaju (/) kati yake humaanisha ya kaskazini. Chukua iliyo mpya kabisa na ambayo haijaisha muda. Kungoja miezi mitano hiyo nyingine ije ni kupoteza kinga bure. Anayekwenda hija achanjwe angalau wiki 2 kabla ya safari, kwa sababu kinga huchukua muda huo kujijenga.

Lakini mahali pa kuharibikia hasa ni njiani. Chanjo hii hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Wengi huogopa joto na kusahau barafu, kumbe ikiganda hata mara moja tu ni ya kutupwa. Makosa ni yale yale: kuibana kwenye ukuta wa friji chini ya friza, au kuipanga sandukuni pamoja na pakiti za barafu zilizotolewa sasa hivi. Pakiti ziachwe nje mpaka ukizitikisa usikie maji ndani. Ya pepopunda ikiganda, muuguzi anaweza kuitikisa na kuona mashapo yanavyotua. Hii kwa kawaida haina alumini, ambayo ndiyo hufanya mashapo hayo, kwa hiyo jaribio hilo halifai. Kutoka Mokowe, gati la bara, hadi Lamu ni mwendo mfupi, ila boti ya kisiwa cha Pate inayongoja maji yajae mlango wa bahari wa Mkanda ni habari nyingine. Kabla ya kulipa, omba kuona kipimajoto cha friji na uulize umeme ulipokatika walifanyaje. Asiyeweza kujibu, mwache.

Kuhusu halali: ya kupuliza puani ina jelatini ya nguruwe, ya sindano kwa kawaida haina; karatasi iliyomo kashani itasema. Wanazuoni wengi wanaona sindano ya msuli haifunguzi saumu, na mwenye wasiwasi aende baada ya futari.

Dozi ya mtu mzima huwa mililita 0.5, begani. Mtoto chini ya miaka 9 anayeanza hupewa mbili, zikiachana wiki 4. Virusi vya kwenye sindano vimeuawa, haviwezi kuleta homa ya mafua; bega huuma na joto kidogo huweza kuja siku moja au mbili. Kaa hapo dakika 15 baada ya kudungwa, mzio mkali ukitokea uwe karibu na dawa.

Nyumba yenye pesa ya dozi moja, yenye bibi wa pumu na mjukuu wa miaka 20 anayecheza mpira? Dozi ni ya bibi.