Safari Ni ya Mbwa, Sisi Tunasindikiza

Kila mwezi wa Oktoba unapokaribia, shemeji yangu, kaka wa mke wangu na mzaliwa wa Minnesota, huwa mpole kupita kiasi, nami huanza kuogopa, kwa sababu najua amekwisha kuosha ile nyumba yake ya kukokotwa na gari na anatafuta mtu wa kukaa naye kiti cha mbele hadi jimbo la South Dakota kuwinda fezanti, ndege wa porini wa jamii ya kuku. Wa kiti cha nyuma hatafutwi. Hao ni Duke na Maggie, mbwa ambao vyeti vyao vya chanjo vimehifadhiwa kwenye bahasha ya plastiki, ilhali pasipoti yangu imechomekwa katikati ya spana.

Barabara kuu ya I-90 inaruhusu mwendo wa maili 80 kwa saa katika jimbo hilo, yaani karibu kilomita 130, lakini kwa upepo wa nyanda zile na kibanda kinachoyumba nyuma yetu, hata malori ya ng'ombe hutupita. Tunasimama mara kwa mara, si kwa sababu mimi nimebanwa na haja, la hasha, bali kwa sababu Maggie ameguna. Nilipoguna mimi tulipokuwa Mitchell, mji wenye lile jengo mashuhuri ambalo kuta zake hupambwa kwa mahindi halisi, niliambiwa nivumilie mpaka Mto Missouri. Mahindi yale nayo yaliniuma; mtu aliyekulia ugali hawezi kuona chakula kimepigiliwa misumari ukutani akatulia.

Kisha kuna kibali. Kwa kuwa si mkazi wa jimbo, ninalipa ada ya mgeni, ambayo inapita kwa mbali ile ya mwenyeji, na ningeridhika kama ndege mwenyewe angekuwa mwenyeji. Fezanti asili yake ni China. Aliletwa, akaachiwa mashambani, akazaana, msimu wa kwanza wa kumwinda ukafunguliwa mwaka 1919 kwa siku moja tu katika wilaya ya Spink, na ilipofika mwaka 1943 akatangazwa kuwa ndege rasmi wa jimbo. Naam, mhamiaji kutoka Asia amepewa cheo, na mimi ninayelipa kodi bado naulizwa na muuza petroli natokea wapi hasa.

Sheria hairuhusu kufyatua risasi kabla ya saa nne asubuhi, hivyo mwenye akili angelala mpaka saa tatu. Sisi tunaamka gizani, kwa kuwa Duke anapotaka kula husimama juu ya kifua changu. Kitanda cha chini, kilicho karibu na kipasha joto, ni chao wawili, maana nimeelezwa kwamba misuli ya mbwa wa kazi haitakiwi kupoa. Mimi ninalala kwenye rafu ya juu, pua ikigusa dari. Kazi ya kumwaga tangi la choo ni yangu pia, na sijapata kuelezwa ni misuli gani inayohusika. Siku Duke alipokutana na kicheche, akanyunyiziwa uvundo usosemeka, nilidhani angalau usiku ule atalala nje. Shemeji alinitazama kama mtu asiye na utu, akasema nje kuna baridi.

Porini ndiko ninakodharauliwa rasmi. Anayeruhusiwa kupigwa ni jogoo peke yake, watatu kwa siku kwa kila mwindaji, na jogoo huyo hapendi kuruka. Hukimbia kwa miguu ndani ya matete huku Maggie akisimama kama sanamu mahali jogoo alipokuwa zamani. Anaporuka hatimaye kwa kelele, inakupasa umkague kwanza kama ni jogoo au jike, na ukimaliza ukaguzi amekwisha kuvuka ua na kuingia shamba la mtu ambaye hatukumwomba ruhusa. Hapo mbwa wote wawili hunigeukia na kunikodolea. Nimewahi kutazamwa na maofisa wa uhamiaji, lakini wale walikuwa na huruma.

Jioni nilimpigia simu ya video mama yangu, aliyeko Muheza, nikamwamkia, nikamwonyesha jogoo wetu wa pekee, ambaye lazima asafirishwe na mguu wake au manyoya yake ili askari wa wanyamapori ajue jinsia yake.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Petroli yote hiyo kwa jogoo mmoja? Kwani huko sokoni wamekwisha? Na hao mbwa juu ya mto wako wanafanya nini?"

Shemeji aliomba nimtafsirie. Nilimwambia kwamba mama anawasalimu mbwa. Amefurahi mno, na sasa anataka namba yake ili awe anamtumia picha zao.